Haidranti ya mtaani kwenu: jinsi ya kuifanya ionekane na ifikike

Gari la zimamoto lenye tangi la lita 5,000 likifungua mipira miwili, kila mmoja ukitoa lita 450 kwa dakika, linakauka kabla dakika ya sita haijaisha. Kuanzia hapo askari wanategemea maji ya mtandao wa mabomba, na mlango wa maji hayo ni haidranti, ile ambayo mitaani tunaiita bomba la zimamoto. Ikiwa imefukiwa na kifusi, imezibwa na genge au imeegeshewa gari juu yake, itabidi gari la zimamoto liondoke kwenda kutafuta maji kwingine. Nyumba itaendelea kuungua, na watu watalalamika kwamba zimamoto wamekuja bila maji. Mara nyingi walikuja nayo. Yaliisha.

Haidranti nyingi za makazi hazipotei kwa kuharibika. Zinapotea kidogo kidogo: mchanga wa mvua mwaka huu, tabaka la lami mwakani, ua wa michongoma mwaka unaofuata, kisha meza ya mtu wa vocha. Ndiyo maana kazi ya kuzilinda inawafaa sana wakazi, kwa kuwa wao ndio wanaopita hapo kila siku. Kufungua maji ni kazi ya askari wa zimamoto na mamlaka ya maji. Kuweka wazi, kupima, kutia alama na kutoa taarifa ni kazi ambayo mtaa unaweza kuifanya vizuri, kwa gharama ndogo.

Jua kwanza ni ya aina gani

Katika miji ya Afrika Mashariki utakutana na aina mbili.

Ya kwanza ni nguzo. Ni chuma cha kusubu kinachosimama juu ya ardhi, chenye tundu moja, mawili au zaidi ya kufungia mipira. Kila tundu lina kifuniko, mara nyingi kilichoshikiliwa na mnyororo mfupi, na kwa kawaida juu kabisa kuna kichwa cha kufungulia. Hii huonekana kwa urahisi, kwa hiyo watu hudhani haihitaji kulindwa. Inahitaji.

Ya pili iko chini ya ardhi, na ndiyo inayopotea zaidi. Kinachoonekana ni mfuniko wa chuma tu, wa takribani sm 38 kwa sm 23, ulio usawa wa barabara au wa njia ya waenda kwa miguu, wenye herufi FH. Mtindo huu tuliurithi kwa Waingereza. Ukifunguliwa, chini yake kuna chemba, na ndani ya chemba kuna tundu lenye uzi la inchi 2½ lililofunikwa kikombe cha kuzuia vumbi. Pembeni ya tundu hilo kuna kichwa cha mraba cha valvu. Askari hufunga kwenye ule uzi bomba la kusimama lenye urefu wa karibu mita moja, kisha huchomeka ufunguo mrefu wenye mkono wa herufi T kwenye kile kichwa cha mraba na kuuzungusha duara zima.

Shika picha hiyo akilini, kwa sababu inaeleza kosa moja ambalo madereva hulifanya bila nia mbaya. Mtu huegesha gari akihakikisha matairi hayakanyagi mfuniko, akaona ameacha nafasi. Lakini bomba la mita moja haliwezi kusimama chini ya uvungu wa gari. Kwa askari, mfuniko ulio chini ya gari haupo.

Usichanganye mifuniko. SV ni valvu ya kufungia bomba kuu, AV ni valvu ya kutolea hewa. Zote ni za mamlaka ya maji na nazo zinastahili kuwekwa wazi, ila hazitoi maji ya kuzimia moto. Ukimwonyesha askari SV gizani ukidhani ni FH, umemla dakika tatu.

Itafute, kisha ipime

Anzia kwenye ofisi ya mamlaka ya maji ya eneo lenu na kituo cha zimamoto kilicho karibu. Waulizeni wote wawili, kwa sababu orodha zao hazifanani kila mara: mamlaka inajua mabomba yalipopita, zimamoto wanajua haidranti walizowahi kuzitumia. Tanzania Bara ni Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililo chini ya Sheria Na. 14 ya mwaka 2007. Kenya huduma ya zimamoto ni ya serikali ya kaunti.

Kisha tembeeni mtaa mzima mchana, watu wawili au watatu, mkiwa na fagio gumu, futi kamba, chaki na simu ya kupigia picha. Angalieni kwenye njia panda, karibu na shule, soko, msikiti na kanisa, na kando ya barabara zenye bomba kubwa. Ukiona kibao cha njano chenye herufi H ukutani, haidranti iko mita chache kutoka hapo hata kama huioni. Mahali ambapo mzee wa mtaa anakumbuka palikuwa na mfuniko, fagieni eneo la mita 2 kwa 2 na gongagongeni kwa fimbo ya chuma. Mfuniko uliofunikwa na mchanga mwembamba hutoa mlio mtupu tofauti na ardhi. Msichimbe kwa sululu. Chini hapo kuna mabomba ya maji na mara nyingine nyaya za umeme. Iwapo mlio haupatikani, wekeni alama ya chaki na muwaite mafundi wa mamlaka, ambao wana vifaa vya kutambua chuma kilichozikwa.

Ikipatikana, ipimeni kutoka kwenye vitu visivyohama, na visiwe kimoja tu. Kipimo kimoja kinakupa duara zima la kutafuta. Viwili vinakupa sehemu mbili tu ambapo duara hukatana, na kwa kawaida moja kati ya hizo iko uani kwa mtu. Cha tatu kinamaliza ubishi. Mfano wa kuandika: "FH, m 3.40 kutoka kona ya kusini ya ukuta wa shule, m 5.15 kutoka nguzo ya umeme yenye namba, m 2.10 kutoka ukingo wa mtaro." Pimeni hadi katikati ya mfuniko. Msitumie mti, kibanda wala geti kama alama.

Ramani ya simu ichukueni pia, lakini isiwe peke yake. Simu hukosea mita tano au zaidi, hasa kwenye mtaa wenye maghorofa. Mita tano zinatosha kukuonyesha mtaa, hazitoshi kukuonyesha mfuniko wa sm 38 uliojaa vumbi saa nane za usiku.

Nafasi ya kuacha

Kanuni ya moto ya Marekani, NFPA 1, inataka inchi 36 wazi pande zote za haidranti na inchi 60 mbele ya tundu lililo kubwa kuliko inchi 2½. Kwa matumizi ya mtaani kwetu, chukueni mita 1 pande zote na mita 1.5 mbele ya kila tundu. Ni rahisi kukumbuka na inatosha.

Vipimo hivyo vina sababu. Spana ya kufungulia nguzo lazima izunguke duara zima, na anayeizungusha ana mabega, ana koti zito na ana kofia. Ukuta ulio nusu mita nyuma ya nguzo unamlazimisha kuzungusha robo, kutoa spana, kurudisha, kuzungusha tena. Upande wa mbele, mpira uliojaa maji yenye shinikizo hukakamaa kama gogo. Ukilazimishwa kupinda ghafla karibu na tundu hukunjika, na mkunjo ule ni sawa na valvu iliyofungwa nusu.

Kimo nacho kina hesabu yake. Katikati ya tundu la nguzo pawe angalau sm 45 juu ya ardhi. Mtaa ukimwagiwa kifusi kila masika ili kuziba madimbwi, ardhi hupanda na tundu hushuka, mpaka siku spana inagonga udongo kabla haijamaliza nusu mzunguko. Hapo dawa ni kuondoa kifusi, au mamlaka ya maji kuinyanyua nguzo.

Kwa haidranti ya chini ya ardhi ongezeni mita 2 kwenda juu. Turubai la kibanda lililoning'inia usawa wa kichwa linazuia kazi vilevile kama meza.

Kusafisha nguzo

Vifaa: panga au fyekeo, jembe, koleo, toroli, brashi ya waya, glavu ngumu. Watu wawili, saa moja.

Fyeka nyasi na vichaka ndani ya mita 1, kisha ng'oa mizizi. Kukata juu tu ni kujipa kazi ileile baada ya wiki tatu za mvua, na mimea ya kutambaa huwa inashika mnyororo wa vifuniko kwanza. Bogenvilia na michongoma zikatwe zirudi nyuma zaidi ya mita 1, kwa kuwa ndani ya msimu mmoja zitakuwa zimerudi. Usichome nyasi kwa moto hapo: joto huunguza rangi na mipira ya ndani ya vifuniko, na mabomba mengi ya siku hizi chini ya ardhi ni ya plastiki.

Ondoa udongo mpaka uone flenji ya chini, ule mduara wenye bolti, ikiwa juu ya ardhi. Bolti zilizozikwa kwenye udongo wenye unyevu huliwa na kutu, na fundi akija hawezi kuzishika. Lakini usichimbe zaidi ya hapo. Udongo ulioshindiliwa kuzunguka shina ndio unaoishikilia nguzo isiyumbe maji yanapofunguliwa kwa nguvu. Shimo la maua, mduara wa mawe ya urembo na tairi lililojazwa udongo, vyote vinavutia macho na vyote ni vizuizi.

Angalia vifuniko. Kila tundu liwe na chake, na mnyororo uzunguke kwa uhuru. Pasipokuwa na kifuniko, watoto huingiza mawe na chupa, na maji yakifunguliwa vitu hivyo huenda moja kwa moja kwenye pampu ya gari. Kifuniko kilichoibwa na watu wa vyuma chakavu kitolewe taarifa siku hiyohiyo. Msizibe tundu kwa zege, kitambaa wala gunzi.

Kusafisha mfuniko

Hapa kazi ni ndogo ila inahitaji umakini. Fagia mchanga, kisha chukua bisibisi ya zamani na ukwangue ule mpaka mwembamba kati ya mfuniko na fremu pande zote nne. Mchanga uliochanganyika na oili ya magari hugeuka kama gundi; mfuniko ambao haujafunguliwa miaka mitatu unaweza kuhitaji mtaimbo na watu wawili. Toa uchafu kwenye matundu ya kuingizia kifaa cha kunyanyulia, mpaka uone chuma chini.

Kuunyanyua wenyewe tunashauri muwaachie askari au mafundi wa maji. Ni chuma kizito, kinavunja vidole, na chemba iliyofungwa muda mrefu huwa makao ya nyoka na nge. Omba wapange siku waje, na wakija simameni nao muangalie mambo manne: je, chemba imejaa mchanga hadi kufunika uzi, kikombe cha vumbi kipo, uzi haujagongwa, na kile kichwa cha mraba bado kina pembe zake? Chemba ikiwa inajaa mchanga kila masika, tatizo liko nje: maji ya mtaro yanapita juu yake. Rekebisheni mtaro, la sivyo mtaiita mamlaka kila mwaka kuchota mchanga uleule.

Mfuniko ukiwa umeibwa, hiyo ni hatari ya mguu kuvunjika leo, kabla hata ya moto. Wekeni matawi ya miti pande zote kama mnavyoweka kwa gari lililoharibika barabarani, mpeni mtu kazi ya kusimama hapo ikiwa watoto wanatoka shule, na pigeni simu mamlaka ya maji.

Lami mpya: wiki ya hatari kuliko zote

Hakuna kinachofukia haidranti nyingi kwa mpigo kama ukarabati wa barabara. Mtambo wa kutandaza lami unapita juu ya mfuniko kama unavyopita juu ya kokoto. Asubuhi mfuniko upo, jioni barabara ni nyeusi, safi na laini, na kila mtu anashangilia. Sm 5 za lami zinatosha kuifuta haidranti kwa miaka kumi. Hata pale mkandarasi anapoikwepa, huacha mfuniko ukiwa ndani ya shimo la sm 5 ambalo magari hulijaza mchanga ndani ya mwezi.

Kwa hiyo, mara tu mnaposikia tetesi za lami, au mkiona vijana wenye chaki na vipimo:

1. Pigeni picha kila mfuniko wa FH, SV na AV kwenye barabara hiyo, moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha majengo. Andikeni vipimo vitatu kama tulivyoeleza.
2. Pelekeni orodha kwa maandishi kwa wote: mwenyekiti au mtendaji wa mtaa, wakala wa barabara (Tanzania ni TARURA kwa barabara za mitaa), mamlaka ya maji, kituo cha zimamoto na msimamizi wa mkandarasi. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.
3. Ulizeni swali moja waziwazi: ni nani atanyanyua fremu za mifuniko, na lini? Fremu hunyanyuliwa kwa kuongezewa pete ya zege au ya chuma mpaka ifike usawa wa lami mpya. Kazi hiyo isipokuwa kwenye hesabu ya mkandarasi, hataifanya kwa hisani.
4. Siku ya kutandaza, simameni pale. Hatusemi mgombane na mtu. Mkiona mfuniko umefunikwa, mwonyesheni msimamizi papo hapo, lami ikiwa bado ya moto, maana wakati huo inatoka kwa koleo. Kesho yake itahitaji mashine ya kukatia.
5. Baada ya wiki moja, pitieni orodha tena kwa futi kamba. Chochote kilichopotea, kipelekwe kwa maandishi kabla mkandarasi hajaondoa mitambo.

Utaratibu ni huohuo wakati wa kupanga matofali ya njia ya miguu, kuchimba mitaro na kulaza nyaya za intaneti. Mtu akizungushia ukuta kiwanja kipya, angalieni ukuta haujaimeza haidranti ikawa ndani kwake.

Kibao na rangi

Haidranti ni mali ya mamlaka, kwa hiyo pateni ruhusa kabla ya kugusa brashi. Ulizeni na rangi inayotakiwa. Marekani, kwa mfano, rangi ya kofia na vifuniko husema kiasi cha maji: buluu hafifu ni galoni 1,500 kwa dakika au zaidi, kijani ni 1,000 hadi 1,499, chungwa ni 500 hadi 999, nyekundu ni chini ya 500. Mwenye kuipaka kijani haidranti dhaifu ili ipendeze amempa askari ahadi ambayo bomba haliwezi kuitimiza.

Mkiruhusiwa, sugueni kutu kwa brashi ya waya na msasa, futeni vumbi, pakeni rangi ya kuzuia kutu na muiache ikauke usiku mzima, kisha rangi ya mafuta koti mbili. Kopo la lita 1 linatosha nguzo nne kwa koti mbili. Msitumie chokaa, mvua moja inaiosha. Fungeni kwa karatasi na gundi ya kubandika kabla ya kupaka: nyuzi, mnyororo na kichwa cha kufungulia. Rangi ikiingia kwenye nyuzi hugandisha kifuniko, na kifuniko kilichogandishwa na rangi kinaudhi kuliko cha kutu kwa sababu kwa nje kinaonekana kizima. Siku mbili baadaye bandikeni utepe wa kuakisi mwanga wenye upana wa sm 5 kuzunguka shina.

Haidranti ya chini ya ardhi inahitaji kibao zaidi ya rangi. Kibao cha mtindo wa Kiingereza ni cha njano chenye H kubwa nyeusi na namba mbili. Ya juu ni kipenyo cha bomba kuu kwa milimita, ya chini ni umbali kwa mita kutoka kwenye kibao hadi kwenye haidranti. Kibao chenye 100 juu na 3 chini kinamwambia askari: bomba la mm 100, haidranti iko mita 3 mbele ya kibao. Kikiwekwa vibaya ni kibaya kuliko kutokuwepo, kwa hiyo kiangalie mfuniko moja kwa moja, kifungwe kwenye ukuta wa kudumu kwa skrubu zisizoshika kutu, kimo cha mita 1 hadi 1.5 ambapo taa za gari zitakimulika. Kipenyo cha bomba kiulizwe kwa mamlaka, msikadirie.

Barabarani pakeni mfuniko wenyewe njano, na kisanduku cha njano cha mita 2 kwa 2 kuuzunguka. Rangi ya barabarani inachakaa haraka. Rudieni angalau mara moja kwa mwaka.

Genge, bajaji na gari la jirani

Hii ndiyo sehemu ngumu, kwa sababu aliyeziba haidranti ni mtu mnayemjua, na hapo ndipo anapopata riziki yake. Kumfukuza hakudumu. Jioni atarudi, na safari hii na hasira. Nendeni watu wawili, mmoja wao mwenye kuheshimika, saa ambayo hana wateja wengi. Mkiwa na chaki. Maneno yanaweza kuwa haya:

"Shikamoo mama. Pole na kazi. Tumekuja kukuomba jambo. Hapa chini ya meza yako kuna bomba la zimamoto, tazama, huu hapa mfuniko. Moto ukitokea, hata ukiwa kwako, askari lazima wasimamishe bomba hapa. Tungeomba meza isogee mpaka ule mstari, mita mbili tu, na vijana hawa watakusaidia kuhamisha leo hii."

Halafu wahamishe kweli, leo hiyohiyo, na wamsawazishie sehemu mpya isiwe na tope. Mtu aliyesogezwa kwa staha ndiye atakayekuwa mlinzi wenu wa mchana kutwa, atawafukuza wengine kabla hamjaitwa.

Kwa bajaji na bodaboda, zungumzeni na viongozi wa kijiwe, si dereva mmoja mmoja, na kisanduku cha njano kiwepo tayari. Kwa wenye magari, umbali unaofaa ni karibu mita 5 kila upande. California na New York sheria inasema futi 15. Usiku ndio wakati wa kuangalia, maana magari mengi ya mtaani hulala nje kuanzia saa tatu.

Nguzo ndogo za zege za kuzuia magari zinasaidia pale ambapo nguzo ya haidranti imegongwa mara kwa mara. Ziwe mita 1 kutoka kwenye haidranti, zisiwe mbele ya tundu, na idhini itoke kwa mwenye barabara. Katika vichochoro vyembamba kama vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako gari haliingii, linda pia njia ya mpira kutoka kwenye haidranti hadi ndani: pikipiki moja iliyoegeshwa kwenye kona inakunja mpira.

Usiifungue

Watu hufungua haidranti kujaza boza, kuosha gari au kumwagilia tofali. Madhara yake hayaonekani siku hiyo. Maji yanayokimbia bombani yakisimamishwa ghafla hupiga kwa nguvu kama nyundo, na bomba la zamani hupasuka mita mia mbili kutoka hapo. Spana ya bomba hula pembe za kile kichwa cha mraba mpaka kinakuwa duara, na ufunguo wa askari unateleza. Mpira wa boza ukiwa umezama ndani ya maji machafu, presha ya mtandao ikishuka, maji hayo yanaweza kunyonywa yakaingia kwenye mabomba ya nyumba zenu. Mkimwona mtu anafungua usiku, chukueni namba ya gari na mtoe taarifa kwa mamlaka ya maji.

Jambo moja liombeni rasmi kila mwaka: zimamoto na mamlaka wazijaribu haidranti zenu na kuandika presha. Haidranti safi, yenye kibao kizuri, iliyoko kwenye bomba lenye mgao wa siku tatu kwa wiki, ni lazima askari waijue hivyo kabla ya kuitegemea. Andikeni siku za mgao kwenye orodha yenu.

Kwa walioko kwenye theluji

Ndugu zetu wa Minnesota, Maine au Ontario wana adui mwingine. Gari la kusukuma theluji hujenga ukuta barabarani na kuifunika haidranti kwa usiku mmoja. Chimbueni mita 1 pande zote hadi kufikia ardhi, kisha njia ya mita 1 kutoka haidranti hadi barabarani, kwa sababu wengi husafisha duara na kusahau njia. Theluji itupwe upande wa nyumba, isirudi barabarani. Fanyeni saa chache baada ya kudondoka. Ikishagandishwa na usiku wa pili inahitaji sururu badala ya koleo. Ile fimbo ndefu yenye bendera iliyofungwa kwenye haidranti msiitoe.

Ratiba

Dakika kumi kila mwezi kwa kila haidranti: nafasi, vifuniko, kibao, uvujaji, picha moja kwenye kundi la WhatsApp la mtaa yenye namba ya haidranti na tarehe. Kazi kubwa ya koleo ifanyike mara mbili, baada ya masika na baada ya vuli. Kila haidranti iwe na kaya mbili zenye jina kwenye orodha. Moja ikisafiri, nyingine ipo. Uvujaji unapelekwa mamlaka ya maji. Kufunikwa na ujenzi kunapelekwa kwa mwenye barabara na zimamoto, kwa maandishi.

Siku ya moto

Pigeni 114 Tanzania, 999 au 112 Kenya. Kaya yenye zamu itume mtu mzima mmoja kwenye haidranti akiwa na tochi. Asiende kuangalia moto. Kazi yake ni kuondoa magari na watu, kufagia mfuniko bila kuufungua, na kusimama hapo akipunga tochi chini, kuelekea ardhini, ili asimpofushe dereva. Gari likifika aseme kwa ufupi: "Ya chini, bomba la mm 100, mara ya mwisho ilijaribiwa mwezi wa pili, maji yapo leo." Halafu arudi nyuma. Mipira ikishatandazwa, pasiwe na pikipiki wala bajaji inayoikanyaga.

Askari wakishaondoka, rudini na tochi ileile. Hakikisheni vifuniko vimerudishwa, mfuniko umekaa sawa kwenye fremu na hakuna maji yanayochuruzika. Kama udongo umesombwa kuzunguka shina, wekeni alama pasikanyagwe na mpigieni fundi wa mamlaka asubuhi.